Samoa haiko kimya mbele ya Ujerumani

Swali: Mimi ni mwalimu wa historia katika sekondari moja mkoani Ruvuma. Kwenye ramani ya makoloni ya Ujerumani wanafunzi wangu waliiona Samoa, visiwa vilivyo katikati ya Bahari ya Pasifiki, wakanibana kwa maswali. Je, Wasamoa nao walipigana na Wajerumani kama babu zetu wa Maji Maji? Leo nchi hizo mbili zina uhusiano gani, na ziko mbali namna hiyo? Na kwa nini Namibia na sisi tunasikika tukidai fidia, lakini Samoa iko kimya?

Jibu:

Mwalimu, wanafunzi wako wamegusa jambo ambalo hata wataalamu wa diplomasia hulipita haraka. Nijibu kwanza kwa ufupi, kisha nieleze. Ndiyo, Wasamoa walipigana na Wajerumani, tena zaidi ya miaka kumi kabla ya kutawaliwa rasmi. Leo nchi hizo zina uhusiano tulivu wa kibalozi unaoendeshwa kwa mbali. Lakini si sahihi kusema Samoa iko kimya. Samoa inaidai Ujerumani pamoja na wenzake wote wenye viwanda, na inadai kwa sauti, ila dai lenyewe halihusu mwaka 1900. Linahusu bahari inayopanda.

Samoa ni visiwa viwili vikubwa, Upolu na Savai'i, na vingine vidogo kando yake. Eneo lake linazidi kidogo tu Unguja na Pemba zikijumlishwa, na wakazi wake ni laki mbili na ushei. Kutoka Berlin hadi mji mkuu, Apia, ni zaidi ya kilomita 15,000. Wajerumani walifuata nini huko? Walifuata nazi. Mwaka 1857 kampuni ya J. C. Godeffroy & Sohn ya Hamburg ilifungua kituo Apia na kuanza kununua mbata, bidhaa ambayo watu wa Tanga, Mafia na Pemba hawahitaji kuelezwa. Mafuta yake yalikuwa yanatakiwa sana na viwanda vya Ulaya. Godeffroy ilipofilisika mwaka 1879, mashamba yake yalikuwa yameshahamia mikononi mwa kampuni nyingine ya Hamburg iliyojulikana kwa kifupi kama DHPG.

Mwaka huo huo wa 1879 Ujerumani na viongozi wa Samoa walitia saini mkataba wa urafiki. Ujerumani ilipata haki ya kuitumia bandari ya Saluafata kuwekea makaa ya mawe ya meli zake. Marekani ilikuwa na mkataba wake tangu 1878, na Uingereza nayo ikapata wa kwake 1879. Ninakuomba uliweke hili wazi darasani, maana ni rahisi kudhani kuwa kila uhusiano kati ya Mzungu na kisiwa cha mbali ulianza kwa bendera na bunduki. Huu ulianza kwa pande mbili zilizokaa na kuandikiana. Bunduki zilikuja baadaye.

Nazo zilikuja upesi. Mwaka 1887 Wajerumani walimkamata mfalme, Malietoa Laupepa, wakampeleka uhamishoni Kamerun, koloni lao la Afrika Magharibi, na mahali pake wakamsimika Tupua Tamasese Titimaea. Wasamoa wengi walikataa, wakamfuata Mata'afa Iosefo. Desemba 1888, huko Fagali'i karibu na shamba la Vailele, watu wa Mata'afa waliwashambulia mabaharia wa Kijerumani walioteremshwa pwani na kuwaua zaidi ya kumi. Miezi mitatu baadaye meli za kivita za Ujerumani, Marekani na Uingereza zilikuwa zimejazana katika bandari ndogo ya Apia, kila moja ikimvizia mwenziwe, ndipo kimbunga cha tarehe 15 na 16 Machi 1889 kilipozikuta zote zimetia nanga. Meli za Ujerumani na Marekani zilivunjika au kutupwa pwani. Ni Calliope ya Waingereza peke yake iliyofanikiwa kukata mawimbi na kutoka bandarini kwenda bahari kuu. Walioshuhudia wanasimulia kuwa Wasamoa waliokuwa vitani na Wajerumani waliingia majini kuwaokoa mabaharia wa pande zote. Mwaka huo huo madola matatu yalikutana Berlin, yakakubaliana kuisimamia Samoa kwa pamoja, na Laupepa akarudishwa.

Usimamizi wa watu watatu haukudumu. Mwaka 1899 waligawana. Hapa, Mwalimu, pana kipande ambacho vitabu vyetu vya shule havikitaji, nami nadhani kinatuhusu moja kwa moja. Uingereza, iliyokuwa imeingia vitani na Makaburu wa Afrika Kusini Oktoba mwaka huo, haikutaka ugomvi na Ujerumani. Ikakubali kujitoa Samoa kabisa. Visiwa vya magharibi vikaenda kwa Ujerumani na vya mashariki kwa Marekani, ambayo inavishikilia mpaka leo. Kwa kujitoa, Uingereza ililipwa: Ujerumani iliondoa madai yake Tonga, ikaachia baadhi ya visiwa vya Solomon, ikakubali mpaka mpya Afrika Magharibi kati ya Togo na Gold Coast, na ikaahidi kuacha haki zake za pekee Zanzibar. Haki hizo zilikuwa za Wajerumani waliokaa Unguja kuhukumiwa na konseli wao badala ya mahakama za Sultani, na zilikuwa ziishe pale mataifa mengine nayo yatakapoachia za kwao. Sultani hakuwa mezani, wala machifu wa Samoa. Zanzibar na Samoa ziliwekwa kwenye mizani moja na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuziona.

Na si karatasi tu zilizotuunganisha. Gavana wa kwanza wa Samoa ya Kijerumani, Wilhelm Solf, alikuwa hakimu Dar es Salaam mwaka 1898 kabla ya kwenda Apia. Heinrich Schnee, unayemfundisha kama gavana wa mwisho wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, yule aliyekuwa na Lettow-Vorbeck katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alikuwa naibu wa Solf huko Samoa kuanzia 1900 hadi 1903. Kwa hiyo maofisa walikuwa walewale, wizara yao ileile, na Kaiser wao mmoja. Kama utawala wa Samoa ulikuwa mwepesi kuliko wa kwetu, sababu haiwezi kuwa kwamba kule walipelekwa Wajerumani wema.

Sababu kubwa ni ardhi. Kabla ya bendera ya Ujerumani kupandishwa Mulinu'u, rasi iliyo Apia, tarehe 1 Machi 1900, wageni walikuwa wamejitangazia umiliki wa ardhi kiasi kwamba madai yao yakijumlishwa yalizidi mara mbili ukubwa wa visiwa vyote! Kipande kimoja kiliuzwa kwa watu wawili au watatu, kingine kiliuzwa na mtu asiyekuwa na mamlaka nacho, kingine kilibadilishwa kwa bunduki wakati wa vita vya machifu. Tume iliyoundwa chini ya makubaliano ya Berlin ilipitia madai hayo mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kukubali takribani asilimia 8 tu. Yaliyobaki yalitupwa. Solf alipoingia alikuta mipaka imeshachorwa, na aliwazuia walowezi waliotaka kuivuka. Mwaka 1903 aliunda tume ya kusikiliza migogoro ya ardhi na vyeo vya kichifu, na mzizi wa Mahakama ya Ardhi na Vyeo ya Samoa ya leo uko pale. Hadi sasa takribani asilimia 80 ya ardhi ya Samoa ni ya koo, haiuziki.

Linganisha na kwetu. Solf aliamuru kila mwenye shamba apande minazi 50 kwa mwaka. Ni amri, na aliyekaidi aliadhibiwa, lakini minazi ilipandwa kwenye shamba la mtu mwenyewe na nazi zilikuwa zake. Kusini mwa Tanganyika watu walilimishwa pamba kwenye mashamba ya jumbe na akida, wakaacha mashamba yao ya chakula, na malipo yakawa ya kudhihaki. Samoa haikuwa na jeshi la kikoloni kama lile la askari wa kwetu. Ilikuwa na kikosi kidogo cha walinzi wa Kisamoa waitwao fitafita. Gavana asiye na jeshi hujifunza kuongea.

Lakini usimwambie mwanafunzi kwamba ule ulikuwa ukoloni wa heri. Wasamoa hawakutaka kufanya kazi za kijungujiko kwenye mashamba ya kampuni, na kwa kuwa walikuwa na ardhi hawakulazimika. Kampuni ikaleta watu kutoka visiwa vya Solomon na New Guinea, na kuanzia 1903 maelfu ya vibarua kutoka China. Hao ndio waliochapwa viboko, wakafungwa kwa mikataba wasiyoielewa, wakanyimwa haki ya kukaa walipotaka. Wazao wa Wamelanesia hao bado wako Upolu. Nikisoma maandishi yanayousifu utawala wa Solf, swali langu la kwanza huwa ni kama mwandishi amewahesabu hawa.

Wala Wasamoa wenyewe hawakutulia. Mwaka 1904 na 1905 waliunda kampuni yao ya ushirika, Oloa, ili wauze mbata wenyewe bila kupitia kwa wafanyabiashara wa Kizungu waliowapunja bei. Mtu yeyote wa Kilimanjaro au Bukoba anayejua historia ya vyama vya ushirika vya kahawa atalielewa wazo hilo mara moja. Solf aliivunja, na mwaka 1905, mwaka uleule Wamatumbi walipong'oa pamba, akalifuta pia baraza la machifu lililokuwa likikaa Mulinu'u. Baadaye msemaji mashuhuri kutoka Savai'i, Lauaki Namulau'ulu Mamoe, aliongoza vuguvugu la kudai baraza hilo lirudi. Mwaka 1909 Wajerumani walileta meli za kivita, wakamchukua Lauaki na wenzake pamoja na familia zao, wakawapeleka Saipan, kisiwa kingine cha Ujerumani maelfu ya kilomita kaskazini. Lauaki alifariki mwaka 1915 akiwa njiani kurudi. Huyo ni Mkwawa wao kwa maana ya heshima anayopewa, ingawa silaha yake ilikuwa ulimi.

Sasa nikupe kisa kimoja kwa kirefu, kwa sababu kinaonyesha Wasamoa waliuelewaje uhusiano huu. Miaka ile Ulaya ilikuwa na tabia ya kuleta watu wa mbali na kuwaonyesha kwa kiingilio, katika bustani za wanyama na viwanja vya maonyesho. Mwaka 1910 kikundi cha Wasamoa kilipelekwa Ujerumani namna hiyo, na katika Oktoberfest ya Munich walicheza ngoma mbele ya umati uliolipa tiketi. Kiongozi wa kikundi alikuwa Tupua Tamasese Lealofi, mwana wa yule Tamasese aliyesimikwa na Wajerumani mwaka 1887, mmoja wa wenye vyeo vikubwa kabisa nchini mwake.

Kwa waandaaji, huyo alikuwa kivutio cha biashara. Kwa Tamasese, ile ilikuwa malaga, ziara rasmi ya chifu kwa wenziwe wenye mamlaka, ambayo kwa Wasamoa ina utaratibu wake wa kupokelewa, hotuba na zawadi. Alibeba zawadi za hadhi, akamkabidhi Luitpold, mtawala wa Bavaria, kama chifu anavyomzawadia chifu. Miongoni mwa vitu vya thamani ambavyo Wasamoa hutoa katika shughuli kama hizo, mkeka mwembamba uitwao 'ie toga ndio wenye uzito kuliko vyote. Husukwa kwa majani ya mkadi yaliyochanwa membamba mno hadi mkeka unakuwa laini kama kitambaa, na kuusuka kunaweza kuchukua miezi mingi. Thamani yake hukua kadiri unavyopita mikononi: uliowahi kutolewa kwenye mazishi ya fulani, au kumaliza vita fulani, hauna bei. Mwaka 2019 UNESCO iliuingiza usukaji huo katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Zawadi za Tamasese zimehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho la Munich.

Ninalisisitiza hili kwa sababu diplomasia tumezoea kuihesabu tangu siku balozi wa kwanza alipowasilisha hati zake. Kwa hesabu hiyo Samoa ilianza diplomasia baada ya uhuru. Kwa hesabu ya Tamasese, yeye alikuwa balozi mwaka 1910, katikati ya ukoloni, jukwaani, huku watu wakimtazama kama kiumbe cha ajabu. Naamini hesabu yake ndiyo sahihi.

Uhusiano mwingine ulikuwa wa damu. Wafanyabiashara wengi wa Kijerumani walioa Wasamoa, hadi Berlin ikaona haya: mwaka 1912 Solf, sasa akiwa waziri wa makoloni, alipiga marufuku ndoa mpya za mchanganyiko Samoa, kama ilivyokuwa imefanyika Afrika Mashariki mwaka 1906. Marufuku haikuweza kufuta familia zilizokwisha kuwapo. Pitia orodha ya viongozi wa Samoa huru utakutana na Retzlaff, Keil, Schuster. Misa Telefoni Retzlaff alikuwa naibu waziri mkuu kwa muongo mzima, na Septemba 2025 La'aulialemalietoa Leuatea Schmidt aliapishwa kuwa waziri mkuu. Hawa ni Wasamoa kamili, wenye vyeo vya koo zao na majina ya babu wa Kijerumani. Kwetu ukoloni wa Kijerumani haukuacha tabaka la namna hiyo ndani ya uongozi wa nchi, na hiyo ni sababu mojawapo kwa nini kumbukumbu zake Apia zina sauti tofauti na za Songea.

Sababu iliyo nzito zaidi ni New Zealand. Tarehe 29 Agosti 1914 wanajeshi wake waliteremka Apia na Wajerumani, ambao hawakuwa na jeshi, wakasalimu amri bila risasi kufyatuliwa. Novemba 1918 meli iitwayo Talune iliruhusiwa kutia nanga Apia ikiwa na wagonjwa wa ile homa kali ya mafua iliyokuwa imeenea duniani. Katika wiki chache walikufa takribani watu 8,500, zaidi ya mmoja katika kila watano. Ng'ambo tu, Samoa ya Marekani, gavana alizuia meli na hakufa hata mtu mmoja kwa ugonjwa huo. Kisha Desemba 28, 1929 polisi wa New Zealand waliwamiminia risasi waandamanaji wa vuguvugu la Mau waliokuwa wakidai uhuru kwa amani mjini Apia. Kati ya waliouawa alikuwamo Tupua Tamasese Lealofi III, mwenye cheo kilekile cha yule wa Munich. Mwaka 2002 Waziri Mkuu Helen Clark alikwenda Apia kuomba radhi. Taifa lenye majeraha ya namna hiyo kutoka kwa mtawala wa pili halina budi kumkumbuka wa kwanza kwa ukali mdogo. Samoa ilipata uhuru tarehe 1 Januari 1962, nchi ya kwanza ya visiwa vya Pasifiki kufanya hivyo, wiki tatu tu baada ya Tanganyika.

Na fidia? Ililipwa, Mwalimu, ila haikulipwa kwa Wasamoa. Baada ya vita mashamba ya DHPG yalitwaliwa na serikali ya New Zealand kama sehemu ya fidia za vita za Ujerumani, na kwa miaka mingi mapato yake yaliendeshwa na Wellington, mji mkuu wa New Zealand. Yalikuja kukabidhiwa Samoa uhuru ulipokaribia. Yaani ardhi ya Upolu ilitumika kufidia hasara ya mtu mwingine katika vita ambavyo Wasamoa hawakuvianzisha. Kama kuna hoja ya kisheria ambayo mwanasheria wa Apia angeweza kuianzisha, naona ingeanzia hapa, na ingewagusa New Zealand kabla ya Ujerumani.

Uhusiano wa leo unaendeshwaje? Kwa njia za kawaida za nchi ndogo. Ujerumani haina ubalozi Apia. Kwa miaka mingi balozi wake aliyeko Wellington ndiye aliyewasilisha hati Samoa pia, na mjini Apia huwapo konseli wa heshima, kwa kawaida mtu wa hapohapo mwenye shughuli zake, anayesaidia wasafiri na karatasi. Samoa nayo huifikia Berlin kupitia ubalozi wake wa Brussels, ulioko pale hasa kwa ajili ya Umoja wa Ulaya. Wengi hudhani ubalozi wa mbali ni dharau. Kwa nchi ya watu laki mbili ni hesabu ya fedha: ofisi moja Brussels inakutana na nchi 27 kwa pamoja, na sehemu ya misaada ya Kijerumani hupitia Umoja wa Ulaya hata hivyo.

Mwaka 2024 Ujerumani ilizindua ubalozi mpya Suva, Fiji. Kwa nini sasa? China imekuwa ikijenga barabara, viwanja na majengo ya serikali katika Pasifiki, na kila mji mkuu wa Magharibi umegundua upya visiwa uliokuwa umevisahau. Kisha kuna kura. Katika Umoja wa Mataifa visiwa vya Pasifiki ni nchi 12, na kura ya Samoa inalingana na ya Ujerumani yenye watu zaidi ya milioni 80. Nchi inayogombea kiti cha muda katika Baraza la Usalama, kama Ujerumani ilivyotangaza kwa kipindi cha 2027 na 2028, inahitaji theluthi mbili ya wapiga kura. Visiwa kumi na viwili si vya kupuuzwa.

Hapo ndipo dai lenyewe linapoingia. Ujerumani imejitahidi kuonekana rafiki wa visiwa katika suala la tabianchi. Mwaka 2018, pamoja na Nauru, iliyowahi pia kuwa koloni lake, ilianzisha katika Umoja wa Mataifa kundi la nchi marafiki linaloshughulikia tabianchi na usalama. Katika mkutano wa tabianchi wa Dubai, tarehe 30 Novemba 2023, iliahidi dola milioni 100 kwa mfuko mpya wa hasara na uharibifu, yaani wa kuzisaidia nchi zinazoumizwa na mabadiliko ya tabianchi. Hayo ni mambo ya kushukuriwa. Lakini mkutano huohuo ulipofika siku ya mwisho, tarehe 13 Desemba, mwenyekiti aligonga nyundo kupitisha uamuzi wakati wajumbe wa umoja wa visiwa vidogo, AOSIS, hawajaingia ukumbini. Samoa ndiyo iliyokuwa mwenyekiti wa umoja huo. Mjumbe wake mkuu, Anne Rasmussen, alisimama, akaeleza kwa utulivu kwamba uamuzi umepita wao wakiwa nje, kisha akataja kimoja baada ya kingine yale ambayo uamuzi haukuyafikia. Ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi. Uamuzi haukubadilika.

Mwalimu, angalia kinachotokea kwenye sheria. Makubaliano ya Paris ya 2015 yalipopitishwa, uamuzi ulioambatana nayo uliweka bayana, katika aya ya 51, kwamba kifungu cha hasara na uharibifu hakitoi msingi wa kuwajibishwa kisheria wala kulipa fidia. Nchi tajiri zilikubali kuchangia kwa sharti la kutokukiri deni. Sasa chukua tamko la pamoja la Ujerumani na Namibia la Mei 2021. Ujerumani inakiri mauaji ya kimbari kwa mtazamo wa leo, inaahidi euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, lakini fedha zinaitwa msaada wa ujenzi na maendeleo, na viongozi wengi wa Waherero na Wanama wameyakataa kwa sababu hiyo. Naye Rais Steinmeier wa Ujerumani alipokuja kwenu Songea tarehe 1 Novemba 2023 aliomba radhi kwa maneno ya dhati kuhusu Maji Maji. Radhi imetolewa, deni halijakiriwa. Madai matatu ya mabara mawili yamekutana na ukuta mmoja.

Ukuta huo umeanza kupata ufa. Vanuatu, jirani wa Samoa katika Pasifiki, iliongoza juhudi za kuipeleka hoja ya tabianchi Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague. Katika vikao vya Desemba 2024 Ujerumani ilisisitiza kwamba wajibu wa nchi upimwe hasa kwa mikataba ya tabianchi yenyewe. Maoni ya Mahakama ya tarehe 23 Julai 2025 yalikwenda mbali zaidi: wajibu unatokana pia na sheria nyingine za kimataifa, na nchi inayouvunja inaweza kuwajibika, hata kutakiwa kufidia. Maoni hayo hayamfungi mtu kama hukumu, lakini mwanasheria yeyote wa kisiwa ataanzia pale.

Na sisi hatuko nje ya ukumbi. Mwaka 1975 Samoa, Fiji na Tonga zilitia saini mkataba wa Lomé na Jumuiya ya Ulaya bega kwa bega na Tanzania, Kenya na Uganda. Mkataba uliorithi kazi ile ulitiwa saini Apia tarehe 15 Novemba 2023, na ndiyo maana unaitwa Mkataba wa Samoa. Unahusu biashara, uhamiaji, haki za binadamu na tabianchi kati ya Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki. Kwa hiyo mwakilishi wa Apia na wa Dodoma wanapokutana na Ulaya huko Brussels, wanakaa upande mmoja wa meza.

Kama una vipindi viwili vya darasa, nakushauri uchukue aya ile ya 51 na tamko la Namibia, uwatafsirie wanafunzi kurasa chache, uwagawe makundi mawili. Kundi moja litafute kila mahali fedha zinapoahidiwa. Jingine litafute kila mahali kosa linapokiriwa. Kisha waambie walinganishe walichopata, na wakuandikie barua ambayo wangempelekea balozi wa Ujerumani kama wangekuwa Wasamoa, na nyingine kama watu wa Ruvuma.